Mwongozo kamili: kupima DNA ya uvimbe wa kichwa na shingo kwenye bloku ya nta bila kudanganywa na histogramu

Kila nikionyeshwa histogramu (grafu ya viini vingapi vina DNA kiasi gani) ya mtu aliyekwama naona kitu kile kile: kilele kimoja kinene kama kichuguu, kushoto kwake mlima wa uchafu, alafu swali, "hii ni aneuploidi au siyo?", yaani seli za uvimbe zina kiasi cha DNA kisicho cha kawaida au la. Jibu langu nalo halibadiliki, hii siyo aneuploidi wala diploidi, hii ni pepsini mbovu, kile kimeng'enya cha kuachanisha viini. Aneuploidi nyingi ninazoletewa hazikuzaliwa kwenye uvimbe, zimezaliwa mezani, kwenye bloku (kipande cha tishu kilichohifadhiwa ndani ya nta) iliyochaguliwa vibaya au tyubu iliyosahaulika kwenye bafu la maji, na mtu akishaziingiza kwenye jedwali la wagonjwa akaanza kuhesabu nani alifariki lini, hapo tena hakuna wa kumwokoa.

Mashine ninayoongelea ni flosaitometa na rangi ni propidiamu ayodaidi, tuiite PI. Wazo lenyewe jepesi: PI inajipachika kwenye DNA, kiini chenye DNA nyingi kinang'aa zaidi, mashine inapima mng'ao wa kiini kimoja kimoja. Seli ya kawaida ina kromosomu 46, ndo diploidi. Uvimbe ukiwa na kiasi tofauti, kilele chake kinakaa mahali pengine. Basi. Kazi yote iliyobaki ni kuhakikisha hicho kilele ni cha kweli.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa bloku

- Bloku za uvimbe pamoja na slaidi zake zilizopakwa rangi ya kawaida ya patholojia, yaani H&E na ripoti ya patholojia. Zote tatu, siyo bloku peke yake.
- Bloku ya tonsili au tezi ya limfu isiyo na saratani, iliyofikishwa kwenye nta na maabara ile ile. Hii ndo rula yako.
- Maikrotomu inayoweza kukata maikromita 50.
- Zailini, ethanoli ya asilimia 100, 95, 70 na 50, maji ya distili.
- Pepsini, chumvi ya asilimia 0.9, asidi ya haidrokloriki na kipima pH kilichokalibrishwa siku hiyo hiyo.
- PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti) ya baridi, filta ya nailoni ya maikromita 40 hadi 50, sentrifuji, bafu la maji la nyuzi 37.
- PI na RNase A, kimeng'enya cha kukata RNA.
- Tyubu za kioo au polipropilini. Zile za plastiki angavu za polistairini zailini inaziyeyusha, utashangaa tyubu imekuwa na ukungu na sampuli imejaa gundi.
- Hadubini ya kawaida. Watu wanairuka hii, na wengi wao ndo wanaorudi na kichuguu.

## Hatua ya 1: Chagua bloku kwa macho yako mwenyewe

Hapa nitakaa sana kwa sababu nusu ya kazi inaharibikia hapa.

Kata kipande chembamba cha maikromita 4, paka H&E, alafu ndo ukate vile vinene, alafu kata chembamba kingine mwishoni. Slaidi mbili, ya juu na ya chini, zinakuambia kama katikati bado kuna uvimbe. Biopsi za mdomoni ni ndogo, unaweza ukaanza na saratani ukamaliza na misuli ya ulimi tu.

Mwombe mwanapatholojia azungushie eneo la uvimbe kwa kalamu kwenye slaidi, alafu we chonga bloku kwa wembe ubaki na eneo hilo. Lengo ni seli za uvimbe ziwe nyingi, lakini usichonge mpaka ukaondoa kila kitu cha kawaida, maana zile limfosaiti (seli nyeupe za kinga) na seli za stroma (tishu inayoshikilia uvimbe) ndo zitakupa kilele cha diploidi cha kulinganishia. Uvimbe ukiwa chini ya asilimia 20 ya seli zote mi nashauri utafute bloku nyingine.

Saratani za kichwa na shingo zina mitego yake, na hii hutaikuta kwenye mwongozo wa matiti au utumbo:

Bloku yenye mfupa wa taya. Mfupa ukilainishwa kwa asidi kali, DNA inakatika na kuoshwa. Utapata vilele vipana visivyo na maana. Ripoti ikisema ilipita kwenye asidi, iache, tafuta bloku ya sehemu laini ya uvimbe ule ule.

Tonsili na shina la ulimi. Limfosaiti zimejaa kiasi kwamba seli za uvimbe zinazama humo. Kilele cha diploidi kinakuwa kirefu, cha uvimbe kinajificha chini kama kinundu, na mtu anaandika "diploidi" wakati amepima limfosaiti tupu. Hizi ndo zinahitaji kuchongwa kwa uangalifu zaidi.

Keratini. Uvimbe wenye lulu nyingi za keratini (protini ngumu kama ya kucha) unatoa mabaki yasiyo na kiini, yanaziba filta na kuchafua upande wa kushoto wa histogramu.

Nekrosisi na mionzi. Sehemu iliyokufa inatoa vipande vya DNA, siyo viini. Na kama mgonjwa alishapigwa mionzi kabla ya sampuli kuchukuliwa, hiyo siyo sampuli ya mwanzo, iweke fungu lake.

Kuhusu formalini, dawa ya kuhifadhia tishu: ya asilimia 10 yenye bafa ndo inayofaa. Sampuli iliyokaa kwenye dawa ya kuhifadhia ya Bouin au yenye zebaki usipoteze nayo muda.

Chukua angalau bloku mbili kwa uvimbe mmoja ukiweza. Uvimbe mmoja unaweza kuwa na sehemu diploidi na sehemu aneuploidi, bloku moja itakuambia nusu ya habari. Na usichanganye uvimbe wa mwanzo na tezi ya shingoni kwenye tyubu moja.

## Hatua ya 2: Kata nene

Maikromita 50, vipande viwili au vitatu. Mtu anauliza mbona nisikate 5 kama kawaida? Kwa sababu kiini kina upana wa karibu maikromita 8 hadi 10, ukikata 5 umekipasua karibu kila kiini, na kila kipande cha kiini kina DNA pungufu, kwa hiyo mashine inakujazia mlima kushoto. Ukikata 50, vinavyokatwa ni vya juu na vya chini tu. Ukizidisha sana nayo nta haitoki vizuri katikati.

## Hatua ya 3: Toa nta, rudisha maji

Zailini mara mbili, dakika 10 kila mara, ndani ya kabati la kuvuta hewa. Alafu ethanoli 100, 95, 70, 50, dakika 10 kila moja, alafu maji ya distili mara mbili. Usiruke ngazi.

Utajuaje imekubali? Kwenye maji tishu inazama na kulainika. Kikielea na kinateleza kama mshumaa, nta bado ipo, rudi mwanzo. Pepsini haipenyi nta.

## Hatua ya 4: Pepsini, yaani hapa ndo watu wanaumia

Tengeneza pepsini asilimia 0.5 kwenye chumvi ya 0.9, alafu shusha pH iwe 1.5 kwa asidi. Pima pH BAADA ya pepsini kuyeyuka, siyo kabla. Pepsini ni kimeng'enya cha tumboni, inataka asidi kali, pH ikipanda inalala na we unasubiri nusu saa bure. Na itengeneze siku hiyo hiyo kwa sababu inajila yenyewe ikikaa.

Weka kwenye nyuzi 37 kwa dakika 30, ukitikisa kila baada ya dakika 5 hivi. Sasa sikia, hizo dakika 30 siyo sheria. Tishu iliyokaa kwenye formalini wiki nzima inagoma, biopsi ndogo iliyokaa usiku mmoja inaachia haraka. Kwa hiyo kuanzia dakika ya 20 chukua tone, weka kwenye slaidi, angalia kwenye hadubini, rudia kila dakika 5 mpaka 10.

Unachotafuta ni viini vilivyo peke yake, mviringo au yai, ukingo unaonekana wazi, bila mkia wa saitoplazimu. Ukiona bado vimeshikana mafungu mafungu, endelea. Ukiona vimevimba, ukingo umefifia, vinaonekana kama vivuli, umepitiliza. Na ukiona uteute au nyuzi zinazovutika ukinyanyua pipeti, hiyo ni DNA imeshamwagika nje, tupa uanze na kipande kingine, hakuna filta itakayokusaidia hapo.

Ikifika pazuri, mimina PBS ya baridi nyingi. Unapandisha pH na kushusha joto kwa pamoja, pepsini inasimama palepale. Kuna wanaoiacha mezani "nikanywe chai narudi", yule anarudi kwenye vivuli.

## Hatua ya 5: Chuja, osha, hesabu

Pitisha kwenye filta, sentrifuji taratibu, osha mara mbili kwa PBS. Alafu hesabu viini na weka kama milioni 1 kwa mililita.

Kuhesabu siyo urembo. PI ni ya kugawana: viini vikiwa vingi mno kila kimoja kinapata kidogo, kilele kinasogea kushoto na kutanuka. Sampuli mbili za uvimbe ule ule zenye idadi tofauti ya viini zinaweza kukupa vilele sehemu tofauti, na we ukadhani umegundua kitu.

## Hatua ya 6: Paka rangi

RNase kwanza, nyuzi 37 kwa dakika 30, kwa sababu PI haichagui, inashika na RNA yenye nyuzi mbili. Ukiruka RNase unapima DNA pamoja na RNA na kilele kinanenepa. Alafu PI maikrogramu 50 kwa mililita, gizani, angalau dakika 30. Tishu ya nta inanyonya rangi polepole, ikilala usiku kwenye friji haina shida, muhimu ni sampuli zote na ile tonsili yako zipate muda sawa. Vaa glavu, PI inashukiwa kuharibu DNA, usiiguse.

## Hatua ya 7: Kwenye mashine

Leza ya bluu ya 488 inatosha. Anza na shanga za kalibresheni, zikitoka na kilele kipana tatizo ni mashine, usianze kulaumu pepsini.

Weka skeli ya linia, siyo ya logi. Kwenye logi kila kitu kinabanana na mara mbili haionekani mara mbili. Spidi ya chini kabisa. Ukiharakisha, mkondo unatanuka na viini vinapita pembeni ya leza.

Pitisha tonsili kwanza, rekebisha volteji mpaka kilele chake kikae chaneli ya 200 kwenye skeli ya 1024. Nachagua 200 makusudi, ili uvimbe wenye DNA mara mbili ukae 400 na viini vyake vinavyojiandaa kugawanyika vikae 800, vyote ndani ya picha. Ukiweka diploidi kwenye 400 basi hao wa mwisho wanatoka nje ya ukurasa na hutajua walikuwepo.

Alafu ondoa dableti. Viini viwili vilivyogandana vina DNA mara mbili, mashine inaona kama kiini kimoja cha tetraploidi. Chora eneo dhidi ya upana wa palsi, yaani ishara ya mwanga ya kila kiini: dableti inapita kwa muda mrefu zaidi mbele ya leza, kwa hiyo upana wake ni mkubwa, iache nje ya geti, yaani mpaka unaochora kuzunguka viini utakavyohesabu.

Kusanya viini 20,000 baada ya geti. Elfu 10 ndo chini kabisa.

## Hatua ya 8: Soma histogramu, taratibu

Kwanza angalia tonsili. Kilele kikubwa kwenye 200, kidogo karibu na 400, uwiano wao uwe kati ya 1.9 na 2.05. Kama haupo hapo simama, usisome sampuli ya mgonjwa.

Pili angalia CV, yaani upana wa kilele ukilinganisha na mahali kilipo. Kwa nta, chini ya asilimia 5 ni furaha, mpaka 8 inavumilika, ikizidi 8 mi sisomi. Sababu yake ni hesabu tu. Uvimbe wenye asilimia 10 zaidi ya DNA, kilele chake kinakaa 220. CV ikiwa 8, kilele cha 200 kina mtawanyiko wa chaneli 16 kila upande, hivo viwili vimelaliana na utaona kichuguu kimoja. Kwa hiyo mtu mwenye CV ya 9 akiandika "diploidi" hajasema chochote kuhusu uvimbe, amesema kuhusu maabara yake.

Tatu piga DI, yaani indeksi ya DNA: kilele cha uvimbe gawanya kwa kilele cha diploidi. Mfano kilele cha kwanza 200, cha pili 318, DI ni 1.59. Sasa tafuta ushahidi, kama ni kweli lazima kuwe na kakilele kadogo karibu na 636, maana seli za uvimbe nazo zinagawanyika.

Ili uite aneuploidi unahitaji vilele viwili vilivyotengana, siyo bega, siyo unene, siyo "kama kuna kitu pale". Bega liandike "haieleweki", rudia na bloku nyingine.

Tetraploidi ndo yenye ugomvi zaidi, kwa sababu inakaa pale pale zinapokaa seli za kawaida zinazojiandaa kugawanyika, na dableti nazo zinakimbilia pale pale. Wengi wanataka kilele cha DI 1.9 hadi 2.1 kiwe na zaidi ya asilimia 15 ya viini, na kiwe na mwenzake kwenye 800. Kuna ujanja mmoja mzuri: angalia 600. Kukiwa na kakilele pale na uvimbe hauna sababu ya kukaa pale, hizo ni tatu zilizogandana, na penye tatu basi mbili ni nyingi zaidi, tetraploidi yako ni dableti. Rudi hatua ya 4.

Alafu kuna kitu ambacho nta haiwezi kukupa hata ufanyeje. Kwenye tishu mbichi watu wanachanganya seli nyekundu za kuku au za samaki trauti kama alama ya kudumu. Kwenye nta haifai, formalini imebadilisha jinsi DNA inavyopokea rangi, seli mbichi na seli za bloku haziongei lugha moja. Kwa hiyo tunakubaliana kwamba kilele cha kushoto kabisa ndo diploidi. Uvimbe wenye DNA pungufu kuliko kawaida utajifanya ndo diploidi, na seli zako nzuri zitaonekana aneuploidi. Kinga pekee ni slaidi: kama H&E inaonyesha uvimbe asilimia 80 na kilele cha kushoto kina asilimia 85 ya viini, jiulize upya nani ni nani.

Asilimia ya seli zilizo kwenye awamu ya S (zinazonakili DNA yake) iache, isipokuwa CV ni nzuri na programu yako inajua kutoa uchafu. Biopsi ikiwa ndogo sana kwa flosaitometa, kuna njia ya Feulgen (rangi ya DNA) na kamera kwenye hadubini, inahitaji viini vichache na unaona unachopima.

## Hatua ya 9: Kuunganisha na hatima ya mgonjwa

Sasa umepata DI za kweli, unataka kujua kama zinatabiri nani ugonjwa utamrudia. Tafiti zenyewe hazikubaliani: nyingi za saratani ya mdomo zimeona aneuploidi ikienda na kusambaa kwenye tezi za shingo na kuishi muda mfupi, nyingine hazikuona tofauti, na kuna zilizoona uvimbe aneuploidi ukisikia mionzi vizuri zaidi. Ukiangalia kwa makini, nyingi zimechanganya mdomo, zoloto na koromeo kwenye kapu moja, waliopasuliwa na waliopigwa mionzi pamoja, alafu wanashangaa jibu halitoki.

Kwa hiyo fanya hivi. Tenga kwa eneo na kwa tiba. Koromeo la kati pima p16 (protini inayoashiria virusi vya HPV), maana uvimbe wa HPV una mwenendo mzuri zaidi hata mgonjwa akija na tezi shingoni, usipoutenga utaipa ploidi (hali ya DNA ya uvimbe) sifa ya virusi. Anayesoma histogramu asijue mgonjwa yuko hai au la. Amua mpaka wako kabla, aneuploidi ndiyo au hapana inatosha, ukianza kujaribu DI 1.3, 1.4, 1.5 mpaka p (namba ya takwimu ya kupima bahati) ipendeze, hiyo p umeitengeneza mwenyewe.

Kwenye modeli ya Cox (hesabu ya vinavyoathiri muda wa kuishi) hesabu matukio, siyo wagonjwa. Una wagonjwa 60 na vifo 18? Kwa kanuni ya matukio 10 kwa kila kigezo una nafasi ya kimoja, kwa kujibana viwili. Mtu anaingiza sita na anaandika "kiashiria huru". Huru kutoka wapi? Na lazima ploidi ishindane na vinavyotumika tayari, kwenye TNM (mfumo wa kupanga hatua za saratani) toleo la nane ni kina cha uvimbe mdomoni, saratani kupenya kapsuli ya tezi na kutoka nje, na p16. Ploidi haimo kwenye toleo hilo, kwa hiyo usimbadilishie mgonjwa tiba kwa sababu ya DI peke yake.

Ukiwa unasoma tafiti za nyuma, angalizo moja: karatasi za Jon Sudbø wa Norway kuhusu ploidi kwenye leukoplakia (mabaka meupe) ya mdomo zilifutwa baada ya udanganyifu wake kubainika 2006. Bado zinazunguka kwenye orodha za marejeo za watu, angalia kabla hujanukuu.

## Hatua ya 10: Andika ripoti inayoweza kurudiwa

Mstari wa sampuli moja uonekane hivi: ulimi, bloku 2, uvimbe kwenye slaidi karibu asilimia 60, viini 21,300, CV ya diploidi 4.8, DI 1.59, kilele cha 636 kipo, dableti zimetolewa, tonsili ya siku hiyo 1.97.

Zile zilizoshindikana ziandike idadi yake na sababu yake, CV kubwa, uvimbe mdogo, asidi ya mfupa, na ziite "haisomeki". Usizihamishie kwenye safu ya diploidi ili jedwali lijae. Biopsi ndogo na uvimbe uliooza katikati ndo vinavyoongoza kushindikana, na wenye hizo sampuli mara nyingi siyo wagonjwa sawa na wale wengine, kwa hiyo linganisha pembeni hatima yao na ya wale wengine kabla hujaanza kuchambua vifo vya hao uliobaki nao.